Barua ya wazi kwa wakubwa wa soko letu: geti mnafunga saa 12, sisi ndo kwanza tunashuka kwenye daladala

Kwenu Mkurugenzi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kamati ya soko, na yule bwana mwenye funguo za geti ambaye jina simjui ila naona ana nguvu kuliko nyote.

Wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine habari za kazi. Soko silitaji jina, liko hapahapa Dar, mkisoma mtajijua wenyewe. Na sijatumwa na mtu, sina kizimba, sina ndugu mwenye kizimba. Mi ni mteja tu, mteja mwenye njaa, na nimeandika hii nikiwa nimekaa kitandani watoto wamelala baada ya kula mkate na chai usiku wa tatu mfululizo.

Nauza kwenye duka la vitenge Kariakoo, duka la mtu sio langu. Tunafunga saa 12 jioni, nikikimbia nikapata gari la kwanza naingia kituo cha kwetu saa moja na robo, foleni ikikaa vibaya ni saa mbili kasoro. Nashuka miguu inawaka moto, begani pochi, mkononi hotpoti. Ndio, hotpoti. Natembea nayo toka asubuhi, makonda wa njia yetu wananiita mama hotpoti, mmoja aliwahi kuniuliza naenda kumuona mgonjwa, nikamwambia mgonjwa ni mimi.

Kabla hamjajenga jengo jipya la soko, pale nje kuanzia kwenye mwembe mpaka kituo cha daladala, ikifika saa kumi jioni wapishi walikuwa wanatoka mmoja mmoja na meza na majiko na miavuli yao, na ukishuka kwenye gari kabla hujaona kitu pua ishakwambia leo kuna nini. Vibua vya kukaanga vimepangwa kwenye sinia na ndimu pembeni, mihogo inatolewa kwenye karai bado inapiga kelele, kachumbari kwenye beseni, magimbi, viazi vitamu, kisamvu cha nazi, dagaa mchele, chapati, vitumbua vya kesho asubuhi maana kuna wanaonunua usiku wapashe asubuhi. Yule kaka wa pweza na kibao chake anakata vipande vidogo, unachomeka kijiti, unachovya kwenye pilipili umesimama, ukimaliza unahesabu vijiti unalipa. Kwenye firigisi na shingo za kuku ndo wanasimama wanaume wanaojifanya wanapita tu. Mahali pale pote palikuwa na urefu wa kama mabasi manne yakipangwa, mtaa mzima tunakula kutokea hapo.

Mi wangu ni mama wa mbaazi. Sufuria lake kubwa linakaa juu ya mkaa ambao ushakuwa majivu, moto wa kupashia tu. Anafunua mfuniko nusu ili mvuke usitoke wote, anazamisha upawa mpaka chini maana mbaazi nzito ziko chini, anamimina kwenye hotpoti yangu, alafu anavuta kibakuli cha tui zito alilolitenga pembeni anamwagia kijiko kimoja juu. Hajaniuliza, anajua. Anajua pia mwanangu mdogo hali pilipili, kwaiyo pilipili anaikunja kwenye kipande cha foili. Chapati nachukua kwa dada wa pembeni yake, siku moja alinifungia kwenye karatasi kumbe ni mtihani wa hesabu wa mtoto wa darasa la tano kapata 34, mwanangu mkubwa akawa anakula huku anamsahihisha mwenzie. (Najua, wino na chakula sio vitu vya kukaa pamoja, msinisomee hapo, ntafika.)

Sasa nahisi baadhi yenu mnaona chakula cha kufungasha ni mambo ya masela wasio na wake, au ni uvivu wetu sisi wanawake wa siku hizi. Naomba tukae kidogo hapa. Mbaazi kavu au maharage kuchemka mpaka yaive ni masaa mawili, matatu yakiwa ya zamani, mi nimefika saa moja na nusu, niwashe jiko, nisubiri likolee, watoto watakula saa tano usiku wakiwa ndotoni. Kisamvu ndo usiseme, kitwangwe, kichemshwe, kiungwe nazi na karanga, nani ana muda huo siku ya Jumanne? Na huo mkaa wa kuchemshia sufuria langu dogo la watu watatu nao ni hela. Mama wa mbaazi moto wake mmoja unaivisha chakula cha kaya arobaini. Serikali yetu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa, nausikia kwenye redio kila siku. Mi najiuliza mbona hamna mtu anayehesabu kwamba mwanamke mmoja mwenye sufuria kubwa ameshazima majiko arobaini jioni ile? Mkimuwezesha yeye mtungi mkubwa wa gesi na jiko la maana mmeshahudumia mtaa.

Na hotpoti nayo ina historia yake. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tulinung'unika sana, maana mchuzi ulikuwa unafungwa kwenye rambo, unapigwa fundo, unauning'iniza kwenye kidole unapanda nao bodaboda, ukipasuka basi tena. Leo nashukuru kwa kweli. Soko zima lilihamia kwenye vyombo, jioni unakuta foleni ya watu na mabakuli, ndoo ndogo za rangi za mifuniko, vikombe, kuna mzee mmoja anakuja na birika kuchukulia supu ya pweza, anakinga kabisa, anafunika, anaondoka kama ametoka kununua kahawa. Hakuna aliyetufundisha. Tulijipanga wenyewe na wapishi wetu.

Alafu mkajenga.

Sisemi mlikosea kujenga. Soko la zamani mvua ikinyesha tulikuwa tunatembea juu ya mbao, panya wa kule wanamuangalia paka usoni. Jengo jipya ni zuri, lina vigae, lina bomba, nyanya zinakaa mezani sio chini. Ila wapishi mmewapandisha ghorofani, upande wa nyuma, jirani na vyoo, alafu geti mnafunga saa 12 jioni. Yani wateja wao wanashuka kwenye daladala saa moja na nyie mmefunga saa 12. Ivi kwenye kile kikao cha kugawa vizimba hakukuwa na hata mmoja wenu anayepanda daladala?

Jumamosi moja bosi aliwahi kufunga nikafika saa kumi na moja na nusu, nikasema leo napanda nikaone. Ngazi nilizihesabu, 28, na hotpoti mkononi. Juu nikakuta vizimba vimepangwa vizuri vina namba, vingi vitupu, kimoja kuna mtu kaweka baiskeli. Mama wa mbaazi kakaa kwenye stuli anaangalia sufuria lake limejaa.

Nikamwambia shikamoo mama.

"Marahaba mwanangu, leo umeniwahi, mlinzi keshaanza kutikisa funguo."

Kweli mlinzi alikuwa anapita anagonga nguzo moja moja na rungu, haya mama zangu, haya mama zangu. Akanichotea haraka haraka, hakuzamisha upawa wala nini, akajaza mpaka zinamwagikia kwenye mkono wa hotpoti. Nikasema mama mi nina buku tu. Akasema chukua, zikilala hizi zinachacha, tui halisubiri mtu. Nimekula mbaazi nyingi maishani ila zile zilinikaa kooni.

Wiki tatu baadae alikirudisha kizimba. Sasa hivi anauzia mahali, sitasema wapi maana nitakuwa nimewachorea ramani. Ni gizani, hakuna maji, wanasuuzia vijiko kwenye ndoo moja wapishi wote watano, taa ni tochi ya simu imeegeshwa kwenye chupa. Mwezi uliopita mgambo wenu wakapita. Nilikuwepo, ndo nilikuwa nampa hotpoti. Mmoja akavuta meza ya mkaanga samaki, karai la mafuta ya moto likaenda chini, lilimwagika hatua mbili tu kutoka kwa mtoto aliyetumwa chapati. Hatua mbili. Vibua vikakanyagwa, yule dada hakulia wala hakutukana, aliinama akawa anaokota ndimu zake moja moja anafutia kwenye kanga. Meza wakapakia kwenye gari. Mpaka leo sijui meza zile huwa zinaenda wapi, lazima kuna mahali Dar kuna mlima wa meza.

Najua mtanijibu nini. Njia zinabanwa, moshi, uchafu, kipindupindu. Na mi kipindupindu nakiogopa kuliko nyie, kile kilichoanza Agosti 2015 nilikuwa hapahapa, jirani yetu alitolewa usiku kwenye mkeka. Kwaiyo sina mzaha na hilo. Ila chakula hakitakati kwa kupandishwa ngazi. Usafi ni maji yanayotiririka, sabuni, mfuniko, na maji machafu yawe na pa kwenda. Pale chini ya mwembe walau walikuwa na bomba la jirani wanalipia ndoo, huko gizani mlikowakimbizia hakuna hata hilo. Na bwana afya anakuja kukagua saa nne asubuhi! Saa nne asubuhi mama wa chapati yuko kwake anakanda unga, mkaanga samaki yuko soko la samaki la Feri anagombania mnada. Mwambieni aje saa moja jioni, avae tochi kichwani kama fundi bomba, aangalie mikono, aangalie karatasi za kufungia, ile ya mtihani ataikuta na atakuwa na haki ya kuikataza. Vyeti vya kupima afya wanavyo, nimeviona, wanaviweka kwenye nailoni ndani ya mkoba wa hela.

Alafu hawa watu wameshahangaishwa vya kutosha. Mwishoni mwa 2018 waliambiwa wanunue vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu 20, wakanunua, wakavaa shingoni kama wanafunzi, wakaambiwa sasa hamna wa kuwasumbua. Mwezi wa kumi 2021 likaja zoezi la kuwapanga wamachinga mji mzima, wakahama, wengine wakarudi. Sasa hili jengo. Kila anayekuja ana mpango wake na kila mpango unaanza na neno ondoka.

Na sio kwamba hatuna mifano. Machinga Complex ipo pale Ilala, ghorofa zilijengwa kwa ajili ya wamachinga kabisa, na miaka mingi vizimba vya juu vilikaa vitupu, wenyewe wakarudi barabarani. Sio wakaidi, mteja wa machinga anapita njia, hapandi ngazi kutafuta soksi. Kama hapandi kwa ajili ya soksi, atapanda kwa ajili ya muhogo?

Kinyume chake nenda Forodhani kule Unguja. Bustani ile ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, njia, taa, majani, kila kitu, alafu wapishi wakarudi palepale baharini, jioni ileile, na makoti yao meupe. Leo watu wanapanda ndege kwenda kula urojo na mishikaki pale. Mngeweka geti la saa 12 jioni Forodhani wangekula nani, kunguru?

Hata soko la Kariakoo lenyewe, lile lililofunguliwa 1975 na likaungua Julai 2021, aliyelichora mzee Beda Amuli alianza kwa kuangalia watu wanauzia wapi. Wanauzia chini ya mti. Ndo akachora yale mapaa kama miavuli iliyogeuzwa, kivuli chini, na maji ya mvua yanakusanywa juu yanashuka kwenye matangi. Mtu kaona mti akachora mti. Sisi tulikuwa na mwembe wa kweli, bure, na mmeuwekea kibao cha USIFANYE BIASHARA HAPA kimepigiliwa na misumari kwenye shina lake.

Ninachoomba sio kikubwa na hakihitaji wafadhili. Kuanzia kwenye mwembe mpaka kituo, saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, waacheni. Pigeni mstari wa rangi chini, huku wapishi huku wapita njia, atakayeuvuka mtozeni faini na mimi ntawashangilia. Vuteni bomba moja kutoka ndani, maji mnayo, na karo lake la maji machafu liunganishwe na chemba ya jengo. Taa mbili kubwa. Mapipa. Ushuru wa jioni kateni, buku, hata buku na mia tano, watalipa, maana mgambo akivuta meza moja hasara yake ni ushuru wa mwezi mzima. Huko ghorofani wekeni mafundi cherehani, wao mteja wao ana miadi, ngazi 28 atapanda anafuata gauni lake la sendoff. Na kwenye kamati ya soko, naomba tu, mtieni mpishi mmoja, anayeuza jioni, sio mwenye mgahawa.

Kama mna sababu nyingine ambayo sisi wateja hatuijui, kwa mfano labda kuna mkandarasi anataka lile eneo la mwembe liwe parking, semeni. Nimeisikia hiyo kwenye daladala na sijaiamini, ila mkinyamaza ntaanza kuiamini.

Basi, Alhamisi hii saa moja na robo ntashuka kituoni kama kawaida. Mkitaka kuja tuongozane mpaka huko gizani ntawapeleka, kwa sharti muache mgambo nyumbani na mje na vyombo vyenu, sahani za kuazima hakuna. Mbaazi zikifika saa mbili zimeisha.

Wenu,
Mama Hotpoti